Aliyemtoa Mzee Thimmappa

Sogeeni, na mwenye redio aizime. Hadithi hii ni ya Bara Hindi, na msiniulize nilifikaje huko. Mimi nimefika mahali pengi kwa kusimuliwa tu, na nikirudi naijua njia kuliko waliokwenda kwa miguu. Niliipata kwa fundi mmoja wa majenereta, Mhindi wa huko huko, niliyekuwa nikimshikia spana. Yeye aliisimulia vibaya. Mimi nimeinyoosha.

Katika jimbo la Malenagiri, nchi ya milima, kahawa na popoo, ile kokwa inayotafunwa na tambuu, alikuwako mwanasiasa aitwaye Devanna. Alianza maisha akinadi popoo sokoni. Siku moja soko likashika moto, na Devanna akawa wa kwanza kufika na ndoo za maji. Wapo walioshangaa ndoo zilijaaje kabla hata kengele haijapigwa, lakini soko lilipona, na mtu aliyeponyewa duka lake haulizi sana. Wakampa udiwani. Kutoka udiwani akapanda hadi bunge la jimbo, akakosana na chama kikubwa kinachoamuliwa Delhi, akaanzisha chake mwenyewe cha watu wa milimani. Alama yake mwavuli.

Alikuwa na wabunge watatu aliowaamini, kwa kadiri mwanasiasa anavyoweza kuamini. Gangavva, mama mjane, alikuwa na masikio: mtu akidanganya mbele yake, hata kwa kukohoa, alijua. Kariyappa alikuwa na njia: aliendesha lori la kahawa kabla ya siasa, na hakuna kichochoro cha milima ile kilichomshinda. Nanjunda alikuwa na ulimi: akikusifia maji ya kisima chako, unakwenda kuyaonja upya.

Uchaguzi ukaja. Chama cha Mwavuli kikapata viti saba tu, cha Devanna kikiwamo, lakini saba hao ndio waliokuwa kati ya pande mbili zilizolingana. Upande mmoja ukamwambia, "Tuletee saba wako wote siku ya kura ya imani, nasi tunakufanya Waziri Kiongozi wa jimbo. Akipungua mmoja, tumeanguka wote, na wewe ndiwe wa chini kabisa."

Sasa, kule wana desturi yao. Kabla ya kura ya namna hiyo, kiongozi huwapakia wabunge wake kwenye basi, huwapeleka hoteli ya mbali, huwanyang'anya simu na kuwafungia humo, wapinzani wasije wakawanunua. Wanalishwa, wanacheza karata, wananenepa. Msicheke, ni watu wazima na wamechaguliwa.

Devanna akawafungia wake kwenye hoteli katikati ya mashamba ya kahawa. Mlango wa mbele akauwekea mlinzi. Wa nyuma akautia kufuli, akachonga funguo tatu, akawapa Gangavva, Kariyappa na Nanjunda. "Mlindane," akawaambia. Mtu anayewapa watatu funguo ili walindane, mnajua wenyewe usingizi wake ulivyo.

Asubuhi ya siku ya kura, wakati wa chai, kiti cha mzee Thimmappa kilikuwa kitupu. Thimmappa ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Mlango wa nyuma uko wazi, na kufuli limefunguliwa, halikuvunjwa. Devanna akakaa chini. Jasho linamtoka na chai hajainywa.

Gangavva akamwita mlinzi.

"Mzee yuko wapi, mwanangu?"

"Amekwenda hekaluni kusali, mama."

"Hakwenda. Sasa usinijibu, nisikilize tu. Yuko hospitali? Yuko nyumbani kwake? Yuko stesheni? Yuko arusini kwa Rudrappa?"

Rudrappa ndiye aliyekuwa kiongozi wa upande wa pili, na siku hiyo alikuwa akimwoza binti yake. Mlinzi hakusema neno, lakini pumzi yake ilijikwaa. Gangavva akageuka. "Yuko arusini." Bila masikio yake wangemtafuta mpaka leo. Ila mimi najiuliza: kati ya mahali pote pa dunia, hiyo arusi ilimjiaje kichwani?

Kariyappa akashika usukani, Gangavva na Nanjunda wakapanda naye, Devanna akatangulia bungeni na wale wawili waliobaki. Barabara kuu Rudrappa alikwisha kuiziba kwa vijana na magogo. Kariyappa akakata kushoto, akaingia mashambani, akavuka daraja lisilo na kingo huku Nanjunda akifumba macho, akatokea nyuma ya jumba la Rudrappa, kwenye jiko la arusi, masufuria yakichemka. Palikuwa na geti dogo.

"Limefungwa," akasema Gangavva.

"Limefungwa kwa waya tu," akajibu Kariyappa, na kwa kweli ilikuwa waya. Bila yeye wangefika wakati kura zimekwisha kuhesabiwa. Ila mtu ajue mpaka waya wa geti la adui yake, hilo nalo linaninyima usingizi.

Ndani wakamkuta mzee Thimmappa ameketi kwenye mto karibu na wajomba wa bwana arusi, kilemba kipya kichwani, ladu, ile tamutamu ya mviringo, mkononi.

"Sitoki," akasema. "Hapa nimepewa heshima. Kwenu nimefungiwa kama kuku wa mgeni."

Watu wakaanza kugeuka kuwatazama. Nanjunda akachuchumaa, akamwekea mdomo sikioni, akanong'ona. Hayakuwa maneno mengi. Mzee akaitua ladu, akavua kilemba, akanawa mikono, akasimama. "Twendeni," akasema. Bila ulimi ule angekuwa anakula mpaka jioni. Ila alinong'onezwa nini? Gangavva, mwenye masikio yale, anasema ngoma zilikuwa zinapigwa.

Walifika bungeni jina la Thimmappa likiitwa mara ya mwisho. "Nipo," akasema mzee, bado anatweta. Serikali ikashinda kwa kura moja, na mnadi wa popoo akawa Waziri Kiongozi.

Hapo ndipo raha ilipoishia. Washirika walijigawia wizara zote, wakakiachia chama cha Mwavuli moja tu, ya umwagiliaji, na wale watatu kila mmoja akaidai kuwa yake. Devanna akawaita ofisini wale watatu, na mzee Thimmappa pamoja nao. Gavana alikuwa ukumbini akisubiri kumwapisha waziri wa mwisho.

"Mzee," akasema Devanna, "nani alikufungulia mlango?"

"Nimeapa kwa kichwa cha mjukuu wangu kutomtaja. Nitakwambia hili tu: aliyenitoa alikuwa ndani ya gari lililonirudisha."

Kumbe mmoja wao ndiye aliyemwiba mzee, kusudi amrudishe, kusudi ashukuriwe.

"Muulize mwenye ulimi," akasema Kariyappa. "Mzee hakutolewa kwa nguvu. Alibembelezwa."

"Nilimbembeleza kurudi, dereva," akasema Nanjunda. "Aliyempeleka kule bila kukutana na gogo hata moja ni nani?"

Devanna akamgeukia Gangavva. "Dada, wewe unasikia uongo. Nani kati ya hawa wawili anadanganya?"

"Nikikutajia mmoja, kaka, utajuaje kama mimi nasema kweli? Masikio ya kunisikiliza mimi unayo?"

Devanna akapiga meza. "Basi simpi yeyote. Siwezi kumpa uwaziri mtu aliyewasha moto ili auzime."

Hao watatu wakasimama, wote kwa pamoja, kama wanaotaka kuondoka, na serikali ya kura moja ilisimama nao.

Mzee Thimmappa akacheka kidogo. "Devanna mwanangu, mimi nilikuwa na duka kwenye lile soko la popoo. Siku ya moto ulifika na ndoo zimejaa kabla hatujauona moshi. Nilijua. Nikakupigia kura, kwa sababu duka langu lilipona. Unadhani nilikosea?"

Karani akachungulia mlangoni: gavana anauliza jina.

Haya, karani yule sasa amekugeukia wewe. Devanna akimpa mmoja uwaziri, huenda anamlipa mwizi kwa kurudisha alichoiba, na wawili waaminifu wanajifunza kazi hiyo ya wizi. Akimnyima kila mtu, wanatoka wote, naye anarudi kunadi popoo. Na bila masikio, au njia, au ulimi, asingekuwa na kiti cha kukipoteza. Mimi jibu ninalo, na nimewahi kulitetea mpaka watu watatu wakahama benchi, lakini leo sisemi, maana naona humu ndani kuna wanaotabasamu kama wanaomjua mwenye ufunguo. Jina gani utampa karani? Na ukishalitaja, jirani yako hapo akikuuliza umelijuaje, utamwambia nini?