Mukimo wa Bibi Wairura

Mchuma thabai hajikuni hadharani. Mnauliza ilitoka wapi? Methali hii ilianza hivi, na hakuna aijuaye kunishinda. Walionishinda wamekwisha kuzikwa, nikabaki mimi niliyesikia nusu huku nikisinzia.

Kule Kinangop, ukungu unakoingia nyumbani bila kupiga hodi, Bibi Wairura alikuwa mgonjwa, amelala kando ya moto. Kila akifumba macho alimwona marehemu mama yake akiponda viazi ndani ya mvuke, na ukijani ukienea kwenye ule weupe kama malisho baada ya mvua. Akiamka, alitamani kitu kimoja tu: mukimo wa thabai, viazi vilivyopondwa pamoja na yale majani yanayowasha mkono yakiwa mabichi na kuuburudisha ulimi yakiiva.

Akawaambia wakamwana zake, Mugure na Nyakio, "Shamba langu la bondeni nitamwachia atakayenichumia thabai mwenyewe. Shamba lile halitaki mikono iliyolala."

Akasinzia tena. Usingizini akasikia mwiko, du, du, du, asijue ni wa mama yake au wa jikoni. Alipofumbua macho, bakuli la mukimo lilikuwa mbele yake likifuka mvuke, na wale wawili wameketi.

Akaonja. Akaonja tena. Machozi yakamlengalenga.

"Nani kachuma?"

"Mimi, Mama!" Mugure akaruka, akijikuna mkono kwa kishindo. "Tazama! Tangu asubuhi najikuna, ngozi karibu ibanduke. Mwenzangu huyu alikuwa anaota moto tu."

Nyakio alikuwa ameifunika mikono kwa leso.

"Na wewe mbona husemi?"

"Nikiitaja itaanza kuwasha upya, Mama."

Wairura akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Mugure, mwanangu, thabai ukiikuna ndipo inapokasirika. Aliyeumwa nayo mara moja hasahau. Leteni hiyo mikono."

Wa Mugure ulikuwa laini kama tumbo la mtoto, una mistari ya kucha zake tu. Ya Nyakio ilikuwa imevimba, vipele vimesimama kama punje za mtama.

"Shamba limempata mwenyewe," Wairura akasema.

"Mama," Mugure akajitetea, bado anajikuna, "labda thabai zangu mimi zilikuwa za upole."

"Mchuma thabai," bibi akamjibu, mdomo umejaa mukimo, "hajikuni hadharani."

Mkono wa Mugure ukasimama hapo hapo.