Semeni na Miguu ya Mama Yake

Paukwa!
Pakawa!
Kaondokea mama, kajenga nyumba kilimani. Mwana kaziba mlango, mama kabaki ndani.
Mpo?
Tupo!
Basi sogeeni, na anayesinzia afinywe.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakisema, palikuwa na binti akiitwa Semeni. Semeni alikuwa na mama, Bi Mwanakombo, na mama alikuwa na mbuzi jike mkongwe, Mandevu. Walikaa mtelemkoni. Chini yao kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito kilima kingine, alikokaa Bi Rehani, somo yake Bi Mwanakombo. Wawili hao walichezwa unyago pamoja, wakazeeka pamoja.

Bi Mwanakombo alikuwa mzee, lakini mzee wa kutembea. Asubuhi huyo kijitoni na mtungi wake. Jua likipanda, huyo kwenye mchicha na jembe lake. Jua likipoa, huyo anavuka mawe ya kijito, anapanda kwa somo yake, wanacheka mpaka kuku wanaingia bandani. Kisha anarudi, polepole, polepole, polepole, mpaka nyumbani.

Siku moja akateleza. Mtungi ukavunjika, goti likachubuka. Jambo dogo. Lakini wanawake waliokuwa wakifua wakaguna: "Mh! Semeni na mikono yake yote miwili, mama yake bado anateka maji?"

Maneno hayo yalimchoma Semeni. Alimpenda mama yake, hilo msilitilie shaka. Ila siku hiyo aibu iliyapanda mapenzi kama mtu apandavyo punda, ikashika hatamu.

"Mama, kuanzia leo huteki maji."
"Nitafanya nini basi, mwanangu?"
"Hufanyi kitu. Wewe keti."

Mitungi yote ikapandishwa darini. Semeni alipopita zizini, Mandevu akamwita:
"Meee! Semeni, Semeni! Usimnyang'anye mtungi, mpunguzie mtungi!"
"Mbuzi anajua nini?" akasema Semeni, akapita.

Siku ya pili yake, tuseme, ama mwezi wa pili wake, mama akarudi bustanini ameshika kiuno.
"Mama, lete jembe."
"Na mchicha wangu?"
"Nitapalilia mimi. Wewe keti."
Mandevu akaita: "Meee! Semeni, Semeni! Usimnyang'anye jembe, mpunguzie shamba!"
"Mbuzi anajua nini?" Akapita.

Mvua zikaanza, mawe ya kijito yakaota utelezi.
"Mama, kwa Bi Rehani huendi tena."
Safari hii mama akamshika mkono. "Semeni, yule ni somo yangu."
"Atakuja yeye."
"Atakujaje? Naye ana mtoto kama wewe, kamketisha."
"Basi mtasalimiana kwa kutuma watu. Wewe keti."
Mandevu akaita kwa nguvu kuliko siku zote: "Meee! Semeni, Semeni! Usimfungie njia, mtengenezee njia!"
Semeni akachomoa ufito, akamchapa mbuzi wa watu mgongoni. Tangu siku hiyo Mandevu hakusema tena.

Mama akaketi. Semeni akampikia, akamwogesha, akamtandikia mkeka barazani. Majirani wakapita, wakasifu: "Mwana ndiye huyu!" Semeni akanenepa kwa sifa, mama akakonda kwa kukaa. Kwanza aliacha kuimba. Kisha akaacha kuuliza mchicha umeotaje. Mwisho miguu yenyewe, ile miguu iliyojua kila jiwe la kijito, ikasahau kazi yake. Semeni aliona. Akajiambia ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

Siku moja akaja mjumbe kutoka ng'ambo, anahema.
"Bi Rehani hali yake si nzuri. Anamwita somo yake."

Bi Mwanakombo akainuka, akaanguka. Akainuka tena, akaanguka. Mara ya tatu hakuinuka. Alimtazama mwanawe usoni.
"Semeni," akasema, "miguu yangu umeiweka wapi?"

Semeni akainama, akambeba mgongoni. Mama alikuwa mwepesi kama tita la nyasi kavu, na wepesi ule ndio uliomwelemea Semeni. Akavuka kijito, maji yakamfika magotini. Akaanza kupanda kilima.

"Haraka, mwanangu. Haraka."
"Naenda, mama. Naenda."

Walikuwa katikati ya kilima kilio kiliposikika kutoka juu.

Mama hakulia. Aligonga bega la mwanawe, akasema, "Nishushe." Akaketi kwenye majani, akalitazama paa la nyumba ya somo yake.

"Ulinitunza kama yai, Semeni. Na hata kuku huyageuza mayai yake. Yasipogeuzwa huharibika."
"Nisamehe, mama."
"Nimekusamehe. Ila Rehani hakunisubiri."

Baada ya maziko, Semeni alishika jembe. Akachonga ngazi kwenye mtelemko mpaka kijitoni. Akachimbia nguzo, akafunga fito za kushikilia. Katikati ya njia akaweka gogo la kupumzikia. Akafinyangisha mtungi mdogo, akalima tuta moja la mchicha mlangoni. Na kila asubuhi akampa mama mkono: kwanza mpaka kizingitini, kisha mpaka zizini, kisha mpaka gogoni. Siku nyingine miguu ilikubali, siku nyingine ilikataa kabisa, wakarudi.

Akawa anamwendea Mandevu zizini. "Nimempunguzia mtungi. Nimempunguzia shamba. Nimemtengenezea njia. Sema basi!" Mandevu alimtazama, akatafuna majani.

Ikafika siku Bi Mwanakombo akateka maji kwa mkono wake mwenyewe, akapanda nayo mpaka nyumbani. Wanawake kijitoni wakapiga vigelegele. Semeni, kwa furaha, akamwambia, "Mama, kesho tuyatengeneze na yale mawe, uvuke."

Mama akautua mtungi, akajifuta maji usoni.
"Njia umeichelewesha, mwanangu," akasema. "Ng'ambo nimfuate nani?"

Akaishi miaka mingine, akatembea, hata akaimba. Lakini jua likipoa aliketi, na Semeni hakuweza kumtazama.

Ngano yangu imefika ukingoni, wenzangu. Mzee si mzigo wa kutuliwa pembeni. Mpunguzie kazi, usimnyang'anye. Mtengenezee njia, usimfungie mlango. Na umfanyie angali na wa kumwendea.

Ikiwa tamu, mkawape walioko nyumbani. Ikiwa chungu, mezeni, nami niliimeza hivyo hivyo. Sasa nainuka nikalale. Ala! Asinibebe mtu. Nipeni mkono tu.