Bi Buku na Mzazi wa Ndani ya Mwanzi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, na mimi nimeita kivivu, basi tuko sawa. Sogeeni. Na nyinyi wakubwa msijifanye hamsikilizi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata kobe hazikumbuki, alikuwapo Bi Buku. Bi Buku alikuwa panya buku, yule panya mkubwa abebaye chakula mashavuni. Tena alikuwa mkunga. Sungura akishikwa na uchungu, Bi Buku aitwe. Digidigi akishikwa na uchungu, Bi Buku aitwe. Watoto wa nyika nzima walipokelewa na mikono ile.

Lakini alikuwa amechoka. Amechoka, jamani! Wanawe wote wamehama. Kila asubuhi anatoka kutafuta mbegu za nyasi, kwaru, kwaru, kwaru. Kila jioni anarudi na mashavu nusu. Mguu wa kushoto unauma, wa kulia unausuta wa kushoto.

"Kiangazi kikinikuta hivi," akasema, "kitanizika."

Njiani akawaona sisimizi wavunao mbegu. Wadogo, lakini ghala lao limejaa pomoni. Akawaza, "Nikimpata malkia wao nikamlea mlangoni kwangu, wanawe watavuna. Watakula wao, nami nitaokota kinachobaki. Nitaketi."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Wadudu wenye mabawa wakaruka, wakatua, wakatapakaa. Bi Buku akaokota watatu waliokuwa wakitambaa chini bila mabawa. Yupi malkia? Hajui. Na anayewajua kuliko wote ni nani? Ni Mzee Kakakuona, anayewala! Basi afanyeje? Akaenda.

"Shikamoo, Mzee Kakakuona."

"Marahaba. Umeniletea chakula?"

"Nimekuletea swali, babu."

"Lete. Usiogope, nimeshiba."

"Aliyeshiba hutokwa na mate hivyo?"

"Haya ni mate ya uzee. Lete!"

Bi Buku akamwonyesha wa kwanza. Kakakuona akainama, akanusa. "Huyu hana kiuno. Amenyooka kama gogo. Kumbikumbi huyu." Ulimi ukatoka, lap! Akameza.

Akamwonyesha wa pili. "Huyu kiuno anacho. Lakini kichwa kikubwa, kifua chembamba. Mtumishi tu." Lap!

Akamwonyesha wa tatu. Kakakuona akarudisha ulimi. "Tazama kifua hiki, kipana kama mzigo wa kuni. Hicho ndicho kilichorusha mabawa. Na begani, unaona? Makovu. Mabawa ameyang'oa mwenyewe, hana safari tena. Tumbo limejaa. Huyu ni malkia."

"Asije akawa wa siafu, babu, akanimaliza!"

"Malkia wa siafu hazaliwi na mabawa, wala haachwi peke yake. Huyu ana taya za kuvunjia mbegu. Ndiye wako. Mwondoe upesi, nisije nikakumbuka kuwa mimi ni Kakakuona."

Bi Buku akamfunika. "Nimtunzeje?"

"Chukua kipande cha mwanzi. Maji kidogo nyuma, uyazuie kwa usufi. Malkia katikati. Usufi mwingine mlangoni. Weka gizani. Usimlishe. Usimfungulie mpaka mwezi uandame mara mbili. Nimefukua nyumba zao nyingi. Malkia mpya hukaa amejiziba, hana chakula wala jirani."

Bi Buku akaondoka akicheka. "Mzazi asilishwe! Mimi mkunga wa miaka yote hii, nifundishwe uzazi na dume lisilo na jino!"

Mwanzi akautengeneza vizuri. Hapo alisikia. Kesho yake akapika uji wa mtama, mwepesi, wa pilipili manga. Akazibua mwanzi, fyu! Mwanga ukaingia. Malkia akakimbilia pembeni.

"Kunywa, mwanangu. Baridi ya mzazi hufukuzwa kwa uji."

Hakunywa. Keshokutwa akazibua tena, fyu! Hakunywa. Siku ya saba akazibua, akaona mayai, madogo kama chembe za chumvi. Weee! Bi Buku akapiga vigelegele, magoti yakalia ka! ka!

Jirani yake, Bi Kanga, mwenye vifaranga kumi na wawili na mdomo wa ishirini, akaja mbio. "Hodi! Hongera, shoga! Nimekuja kumwona mzazi."

Wakazibua, fyu! Wakagonga mwanzi, ko, ko, ko! "Mbona hageuki tumwone uso?" akauliza Bi Kanga. "Ana maringo!" Wakaongeza uji.

Kesho yake wakazibua. Mayai yamepungua. Keshokutwa wakazibua. Hakuna hata moja, na taya za malkia zinatafuna.

"Amekula wanawe!" Bi Kanga akaruka. "Mchawi huyo, shoga! Mtupe!"

Bi Buku akaketi chini. Mvua zilikuwa zinakatika. Sisimizi hawangeruka tena mpaka mwakani, na yeye kufika mwakani kwa miguu ile hakukutegemea. Alitaka kulia, akaona hata kulia ni kazi.

Ndipo akamkumbuka Sungura mmoja aliyemzalisha kale. Wajinga walikwenda kila saa kuchungulia shimo lake. Sungura yule akawala wanawe wote, na majani tele mbele yake. Bi Buku akautazama mwanzi. Uji umeota ukungu. Malkia anatetemeka.

"Huyu hakula kwa njaa," akasema polepole. "Aliwaficha pahali asipoweza kupazibua mtu. Bi Kanga, wachawi ni sisi."

"Mimi tena?"

"Mimi kwanza. Nenda zako, shoga."

Akatupa uji. Akamtafutia mwanzi mpya, maji safi, usufi safi. Akauweka ndani kabisa ya shimo, akaziba kwa kokoto. Mlangoni akalaza tawi la miiba.

Bi Kanga akarudi. "Hodi! Nimemletea mzazi supu ya panzi."

"Mzazi yuko arobaini."

"Wala nisichungulie?"

"Hata kwa jicho moja."

"Umekuwa na roho ngumu, shoga!"

"Nimechoka tu, shoga."

Na kweli. Mkono ulimwasha kila siku. Kila siku akaukalia. Akatoka kutafuta mbegu, kwaru, kwaru. Akarudi na mashavu robo. Hakuzibua. Nyasi zikageuka rangi. Hakuzibua. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena.

Akazibua taratibu, kwenye kivuli.

Walikuwa sita. Sisimizi sita, wembamba, weupeweupe, wanamlamba mama yao. Naye mama alikuwa amekonda. Kile kifua kipana kimenywea. Nyama zilizorusha mabawa alikuwa amezigeuza chakula, akawalisha wanawe mwili wake mwenyewe kule gizani.

Bi Buku akamtazama kwa muda. Anayejua kuchoka akamjua mwenziwe. "Pole, mzazi," akasema. "Sasa ndiyo saa ya kula." Akaponda mbegu moja, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kungoja kuona.

Sita wakawa ishirini, ishirini wakawa arobaini, wakatoka mwanzini, wakachimba ghala lao shimoni mwa Bi Buku. Kiangazi kikaja na jua lake. Asubuhi moja miguu ya Bi Buku ikagoma kabisa. Akalala kifudifudi shimoni, akangoja kile alichokuwa akikiogopa.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kidogo sana, kama mtu anayekuna ukucha. Sisimizi watatu wanavuta mbegu moja, wameielekeza ghalani, wamepita mdomoni pake. Ganda likapasuka, nusu ikabaki chini. Nyuma yao wanakuja wengine, na mbegu nyingine.

Nusu mbegu haimshibishi panya buku. Lakini Bi Buku akaitia kinywani, akaitafuna asubuhi nzima, ameketi.

Basi sikieni, wenye watoto na wenye kulelewa. Kumtunza mtu si kumfunua kila mara wala kumlazimisha unachokipenda wewe. Mwulize kwanza anayemjua, hata kama ni adui yake. Na yuko wa kutunzwa kwa kufungiwa mlango na kuachwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye miguu aichukue aende nayo, mimi nakaa.