Vidole Viwili Juu ya Gurudumu

Usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hii tuliazima kwa watu wa pwani, waliojua kwamba nyota iliyomfikisha jirani salama yaweza kukupeleka wewe mwambani. Sisi wa bara, kati ya Kitale na Bungoma, bahari yetu ni mashamba ya mahindi na mawimbi yetu ni makorongo ya barabarani, lakini kuzama tunazama vilevile. Maana yake ni kwamba mtu asijiongoze kwa mambo ya mwingine, kwa kuwa hajui mwenzake anakwenda wapi wala amebeba nini. Asiyeamini na amuulize Mukhisa.

Mukhisa alikuwa fundi wa magari mjini Kitale, tena si fundi wa kubahatisha. Kazi yake hasa ilikuwa ya chini ya gari, yaani springi na shokabzoba. Gari lililoingia gerejini mwake likiyumba kama mlevi wa busaa lilitoka likitembea kwa adabu kama bwana harusi. Vijana walipomletea magari ya zamani wakitaka yashushwe yalale chini, aliwauliza kwanza, "Unapita barabara gani? Unabeba nani?" Kisha akawapa somo ambalo wateja wake walilijua kwa moyo.

"Springi hubeba, shokabzoba hutuliza. Hao ni mume na mke. Ukioza springi fupi kwa shokabzoba ndefu, nyumba itagombana kila shimo. Na pakia kwanza, ndipo upime. Gari tupu hudanganya kama mchumba."

Yeye mwenyewe alikuwa na gari, Pijo kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Rangi yake ilikuwa imefifia ikawa kama chai iliyozidi maziwa, lakini ilisimama juu kwa miguu mirefu, na hapakuwa na kilima kilichoishinda. Ndiyo iliyomkimbiza mama yake hospitalini Lugulu usiku wa mvua kwenda kumzaa Joy, kitinda mimba, na ndiyo iliyomrudisha Joy nyumbani, juu mlimani Saboti, akiwa amefungwa shuka. Ilibeba mahindi, ikabeba wagonjwa, mwishowe ikabeba jeneza la baba. Kwa hiyo Joy alipochumbiwa, alimwambia kaka yake neno moja tu.

"Kaka, baba hayupo wa kunitoa nyumbani. Gari lake ndilo litakalonitoa."

Mukhisa alifurahi kupita kiasi. Laiti furaha hiyo angeifungia kabatini!

Kikao cha kupanga harusi kilifanyika Bungoma mjini, kwa Senge Nakhungu. Senge ni shangazi kwa Kibukusu, na huyu alikuwa dada wa marehemu. Watu walipokuwa wakinywa chai uani, mwanawe aitwaye Kevin aliingia na Korola yake, akimleta mama yake kutoka kanisani. Korola hiyo nayo ilikuwa imekula chumvi nyingi, lakini nani angejua? Kevin alikuwa ameishusha. Ililala chini kama paka anayenyemelea panya, magurudumu yake yamejificha nusu ndani ya bodi. Ilipopita juu ya tuta la langoni haikunesanesa hata kidogo. Iliinama mara moja ikainuka, basi. Senge Nakhungu, ambaye nyonga yake ilimtesa tangu alipoteleza kisimani, alifungua mlango, akatua mguu chini na kusimama bila kushikwa mkono. Watu walishangilia kumwona mama akisimama. Mukhisa aliona gari tu.

Kevin na Mukhisa walikuwa zaidi ya mabinamu. Walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo walikuwa bakoki. Bakoki wana ruhusa ya kutaniana popote, harusini hata matangani, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

"Bakoki, niaje!" Kevin alimwita mbele ya watu. "Si hiyo Pijo yako imesimama kama kuku aliyeona nyoka? Joy, siku ya harusi ukipanda hapo utahitaji ngazi, bana!"

Ua mzima uliangua kicheko. Wanawake walishika mbavu, na Senge alipangusa machozi kwa leso. Mukhisa alipaswa kujibu, nafasi yake ndiyo hiyo.

"Na yako ikipita juu ya kinyesi cha ng'ombe, si itakibeba mpaka nyumbani?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba kama uji wa mgonjwa. Mukhisa akacheka pamoja nao, meno nje, ilhali moyoni kijicho kilishapiga kambi. Alitazama vijana wakiizunguka Korola na simu zao. Akamwona Joy, dada yake wa tumbo moja, akiegemea ubavu wa gari hilo na kutabasamu apigwe picha. Kumbe hata Joy! Roho ilimchoma kama kidonda kilichomwagiwa pilipili. Mbona asifiwe Kevin, mtu asiyejua hata kufungua nati? Fundi wa magari ni nani katika ukoo huu?

Walipoingia ndani kula, yeye alibaki nyuma. Aliinama kando ya Korola kama anayefunga kamba za viatu, ingawa siku hiyo alikuwa amevaa sandali, akachomeka vidole kati ya gurudumu na bodi. Viliingia viwili. Akaviweka vidole hivyo moyoni kama mtu aliyeiba siri ya serikali.

Kabla ya kuondoka Bungoma alipitia kwa Linah, muuza spea za magari ya zamani. Linah alimtolea springi za aina mbili.

"Hizi zinashusha kidogo tu, lakini ni ngumu, zinabeba," Linah alisema. "Hizi fupi kabisa ni laini. Ni za mtu anayeendesha peke yake kwa lami. Na zinataka shokabzoba fupi, ambazo kwa sasa sina. Ngoja niagize."

"Nipe hizo fupi kabisa."

"Na shokabzoba?"

"Zangu bado nzima."

Linah alimtazama akatabasamu. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Naam, ndiye aliyekuwa fundi, na hilo ndilo la kusikitisha. Kila alichokuwa akiwakanya wateja alikijua, lakini wivu ukiingia kichwani, elimu hutokea dirishani.

Jioni hiyo alimchukua Senge Nakhungu, kwa kuwa shangazi ndiye anayemwandaa bi harusi. Mama wa watu alipandishwa juu ya kigoda ndipo akaifikia Pijo, akiguna na kuilaani nyonga yake. Lakini kutoka Kiminini kupanda Saboti, gari liliruka makorongo bila kulalamika. Nyuma, ndani ya buti, springi mpya ziligongana njia nzima, na Pijo ya watu haikujua kwamba imejibebea kitanzi chake.

Kesho yake Mukhisa aliipandisha jeki gerejini, ubavuni mwa nyumba yake. Peris, mkewe, alimkuta akizitupa springi za zamani nyuma ya jiko.

"Baba Ian, si wewe husema pakia kwanza, ndipo upime?"

"Hii ni ya harusi, si ya kubeba mahindi."

"Ati si ya mahindi! Mashangazi zako umewaona lakini?"

Mukhisa alirudi kukaza nati. Aliteremsha jeki, akachomeka vidole juu ya gurudumu. Viwili! Siku zilizofuata alizunguka Kitale akijitazama katika vioo vya maduka. Kweli, kila alipovuka tuta, shokabzoba zile ndefu zilikosa pa kwenda, zikagonga mwisho wake, dugu! Yeye aliongeza sauti ya redio. Siku moja kabla ya harusi alipanda Saboti peke yake, barabara ikiwa kavu, akikwepa kila shimo kama anayekanyaga mayai. Usiku mvua ikanyesha.

Asubuhi ya harusi Joy alitoka nyumbani akiwa na shela, wanawake wakimwimbia. Alipoiona Pijo alisita, akapitisha kiganja juu ya boneti.

"Kaka, gari limepatwa na nini?"

"Nimelipamba. Hutaki upendeze?"

Joy aliinama akaingia. Senge Nakhungu akaingia upande wake wa kulia, na mashangazi wengine wawili, waliojaliwa miili, wakajipanga walipopata. Sanduku la vyombo likaingia kwenye buti. Kila mmoja alipoketi, gari lilitoa pumzi na kushuka. Vidole viwili vikawa kimoja, kimoja kikawa ukucha. Mukhisa alikuwa nje akitazama, na jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi ya mlimani. Angeweza kusema hapo. Angeweza kuwaomba mashangazi washuke. Lakini aliwaza Kevin anavyomngoja kule chini penye lami, akatia gia.

Matrekta yalikuwa yamechimba barabara pande zote mbili na kuacha mgongo wa udongo na mawe katikati. Miaka yote Pijo ilivuka mgongo huo ikiwa imeinua tumbo lake. Leo ilikwaruza mara ya kwanza, mashangazi wakaendelea kuimba. Ikagonga mara ya pili, wimbo ukapungua. Mara ya tatu kilisikika kishindo, gari likakaa kwa tumbo, na magurudumu yakazunguka bure yakirusha matope. Oili nyeusi ilitambaa chini kama nyoka. Sampu, beseni la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka.

Senge Nakhungu ndiye aliyesema kwanza.

"Mukhisa, mwanangu, gari ndilo limetukalia ama sisi ndio tumelikalia?"

Hakuna aliyecheka. Joy alitazama mbele, kwenye usukani ambao mikono ya baba yake iliung'arisha kwa miaka mingi. Hakulia. Alisema polepole, na maneno yake yalimwingia kaka yake kama msumari wa moto.

"Kaka, mimi niliomba gari la baba. Wewe umeniletea la Kevin."

Kengele za kanisa haziwangoji waliokwama. Bahati nzuri jirani yao Kipketer alikuja na trekta lake akielekea shambani. Aliteremka, akachungulia chini ya Pijo na kutikisa kichwa.

"Poleni sana. Hili gari nimelijua tangu mzee akiwa hai, halijawahi kushindwa hapa. Leo limekuwaje?"

Walitandika leso ndani ya trela, Joy akapandishwa na shela yake imekunjwa mkononi. Kumpandisha Senge ndiko kulikuwa kazi. Wanawake walimwinua kama gunia, naye akapiga ukelele wa maumivu uliomfanya Mukhisa atamani ardhi impasukie. Kisha trekta likanguruma kuteremka, bi harusi akiyumba kati ya mashangazi, na Mukhisa nyuma kabisa akiwa na suti ya matope.

Njiani hakuogopa kuchelewa. Aliogopa mdomo wa Kevin. Na kweli, penye mwanzo wa lami Korola ilikuwa imeegeshwa, safi kama yai. Kevin alisimama kando yake. Alilitazama trekta, akamtazama bi harusi, akamtazama bakoki wake. Watu walingoja utani.

Kevin hakutania. Alikimbilia trela, akampokea mama yake mikononi.

"Mama, nyonga?"

"Iko, lakini leo imenionyesha cha moto."

Alimsogeza hadi kwenye Korola. Senge aligeuza mgongo tu akakaa, hakupanda wala hakushuka, akashusha pumzi kama aliyefika kwake. Hapo ndipo Mukhisa alipoona kile ambacho ua mzima uliona siku ile kule Bungoma.

"Mbona hukuja kutuchukua kule juu?" aliuliza.

"Na hii?" Kevin alishangaa. "Bakoki, hii haiwezi kupanda Saboti, si unajua? Niliishusha kwa ajili ya mama. Alikuwa hawezi tena kupanda gari, akaacha hata kanisa. Kutoka kwetu hadi kanisani ni lami tupu, watu ndani ni mimi na yeye. Nikamtafutia springi zinazomfaa na shokabzoba zake." Alitazama juu mlimani. "Nilisimama hapa nikijua nyinyi mtashuka. Pijo yako ndiyo gari pekee la ukoo huu linalofika kule."

Mukhisa alipangusa matope mikononi, akarudi kwenye trela kumshusha dada yake.

Harusi ilifungwa, watu wakala na kucheza. Baadaye Pijo ilivutwa hadi Kitale, sampu ikazibwa. Mukhisa alipokwenda nyuma ya jiko kuzichukua springi za zamani, alikuta kuku wa Peris ametagia katikati yake.

"Usimfukuze," Peris alisema. "Huyo angalau alipima kabla ya kukaa."

Joy aliporudi kuwasalimu watu wa nyumbani kwa mara ya kwanza, kaka yake alimngoja penye mwanzo wa lami. Pijo ilikuwa imesimama tena kwa miguu yake mirefu. Joy aliinua pindo la nguo, akapanda, akaketi akikigusa kiti. Siku ya kutoka nyumbani kwao ni moja tu maishani, na hiyo hakuna fundi wa kuirudisha. Wote wawili walilijua hilo. Kevin, aliyemleta hapo kwa Korola, alichomoa kichwa dirishani.

"Bakoki! Kuku ameona nyoka tena!"

Mukhisa alicheka, safari hii kicheko kikatoka tumboni.

"Mwache aone. Huku kwetu nyoka wapo!"

Akatia gia, Pijo ikainua tumbo lake juu ya mawe na kupanda mlima, huku Korola ikigeuka kurudi Bungoma kwa lami yake. Kila moja ilifika ilikokwenda. Ndiyo maana tunasema, usisafirie nyota ya mwenzio.