Chai ya Mama Daktari

Umngojaye ndiye akumiminiaye chai. Ndivyo alivyowaambia matroni alipowakuta hapa getini na bango lenu la kumkaribisha mgeni rasmi. Mmekuja kuniuliza chanzo chake kwa kuwa mimi, mwanafunzi mwenzenu, ndiye mnayeniita bibi wa bweni, mwenye miaka kumi na minane na magoti yanayouma kila asubuhi ya mchakamchaka. Vyema. Kunyweni chai yenu taratibu, mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Madaktari bingwa wa upasuaji walikutana hotelini Morogoro. Wasemaji walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walivaa tai. Wa kumi na mbili aliandikwa kwa ufupi tu kwenye ratiba: Dkt. N. Kisanga, saa nne kamili. Hilo ni jina la ukoo wa watu, msicheke.

Siku hiyohiyo angechaguliwa mkuu wa upasuaji wa kanda nzima, na sharti lilikuwa moja: asiyehutubia hapigiwi kura. Dakta Nsia Kisanga alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka tisa, akiwafundisha kushika kisu vijana ambao baadaye walirudi kuwa wakubwa zake.

Alifika saa tatu na nusu. Mapokezi alikaa karani mpole sana, Bwana Chambuso. Upole ndio uliomponza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Dakta Kisanga. Naomba beji yangu."

"Oo, Mama Daktari! Karibu sana. Mzee yuko wapi?"

"Mzee yupi?"

"Daktari mwenyewe."

"Daktari ni mimi."

"Ndiyo, mama, nimekuelewa. Hata mke wa mchungaji tunamwita mama mchungaji. Wenzako wanaandaa chai kule."

Akatoa barua ya mwaliko. Karani akaisoma yote, akairudisha kwa mikono miwili. "Umefanya vizuri kumletea. Wanaume tunasahau sana barua. Beji yake ninayo hapa, hapewi mtu mwingine."

Saa nne kasoro dakika kumi. Mlangoni mwa ukumbi alisimama mlinzi, na bila beji hapiti mtu. Chai tu ndiyo iliyokuwa ikipita. Dakta akaenda kule kwa waandaa chai. Akafunga aproni, akabeba chupa ya chai, akaingia.

Kwenye meza kuu alikuwapo mwenyekiti, Profesa Lwehabura, jicho kwenye saa iliyokwisha kugonga nne.

"Kisanga amefika?"

"Hajafika," wakajibu.

"Anatuchelewesha. Dakika tatu zaidi, kisha tunamfuta."

Kalamu ilikuwa tayari juu ya jina. Lugha yetu ina adabu: ukisema "hajafika", haikulazimishi kutaja kama ni mwanamke au mwanamume. Lakini ukumbi mzima ulikuwa ukimwona akilini mwanamume mwenye tai, amekwama njiani na pancha.

Dakta aliinama kumimina. Akipaza sauti, watasema mama wa chai amepagawa, atolewe nje. Akinyamaza, miaka tisa inafutwa kwa mstari mmoja wa wino.

"Profesa," akasema polepole, "huyo mnayemngoja, mtamjuaje?"

"Eh, mama! Mpasuaji hajifichi. Mtazame mkono tu. Mkono wa mpasuaji haumwagi tone."

"Basi tazama kikombe chako."

Akatazama. Chai ilikuwa imepita ukingo wa kikombe, imevimba juu kama kitumbua, na kisahani kilikuwa kikavu. Wakati wote huo mama yule alikuwa akimtazama yeye usoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayewachelewesha."

Kalamu ikaanguka. Zilibaki sekunde arobaini. Alipanda jukwaani na aproni yake kiunoni, akahutubia dakika ishirini. Alishinda kwa kura moja. Profesa hakuweza kukiinua kile kikombe bila kumwaga. Alikiinamia mezani akakinywa kama ndama.

Haya. Sasa ni zamu yangu kuuliza. Mgeni rasmi wa leo ni daktari, na saa zinakwenda. Yule mama aliyepita hapa asubuhi, mkamwonyesha njia ya jikoni, alikuwa amebeba nini?

"Mkoba mweusi, bibi."

Aliwaambia nini?

"Alisema yeye ni daktari."

Nanyi?

"Tukamwambia... karibu, Mama Daktari."

Ninyi, wasichana wenyewe, katika shule ya wasichana! Na hiyo chai ya tangawizi mliyoshika, ni nani aliyetoka nayo jikoni kuwaletea?

Mbona mmeviweka vikombe chini? Malizeni, asije akadhani hamna shukrani. Kisha mkunje bango, mwende jikoni mkaombe radhi, na njiani mseme kwa sauti hadi iwakae: umngojaye ndiye akumiminiaye chai.