Fisi na Watumishi Waliorudi

Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, Fisi alikuwa na nyumba kubwa na watumishi wawili: Pimbi mpishi na Kanga mfagiaji. Kila juma aliwalipa kibaba cha mtama. Kanga alikula wake wote. Pimbi alikula nusu, nusu akaificha nyumbani kwake, ndani ya ufa mwembamba wa mwamba.

"Bahili wee!" Kanga alimcheka. "Kazi ipo, mshahara upo, unajinyima nini?"

"Akiba haiozi, dada. Kazi ni ya Fisi. Siku akiitaka, ataichukua."

Sasa sikilizeni vizuri, na wewe hapo nyuma acha kutafuna! Ukutani kwa Fisi zilitundikwa fagio nyingi kuukuu, zimejaa utando wa buibui. Siku moja Pimbi akauliza, "Bwana, wenye fagio hizi wako wapi?"

"Niliwaachisha kazi. Wakarudi kuomba chakula."

"Wakarudi? Mbona siwaoni?"

Fisi alicheka tu. Hi-hi-hiii! Pimbi nywele zikamsimama.

Maana ukoo wa Fisi ulikuwa na mwiko: mtumishi haliwi. Lakini aliyeachishwa kazi, akirudi kwa miguu yake mwenyewe, huyo ni kitoweo.

Haikupita miezi mingi, Fisi akawafukuza wote wawili. "Kazi imekwisha! Nendeni!" Kisha akabandika chungu cha maji motoni, akaacha mlango wazi, akaketi kungoja.

"Dada Kanga, usirudi kule," Pimbi akasihi. "Njoo kwangu tule mtama."

Lakini Kanga aliona haya, maana alikuwa amemcheka mno. Njaa ilipomzidi, akashika njia ya kwa Fisi. Tap, tap, tap, mpaka ndani. Mlango ukajifunga, ndi! Kesho yake unyoya wenye madoa ulikuwa ukipeperuka uani.

Pimbi alilia sana. Halafu hasira zikampanda. Akasimama juu ya mwamba, akaita kwa sauti ya mgonjwa: "Bwana Fisiii! Njaa inaniua! Kesho nakuja!"

"Njoo, mwanangu, njoo!" Fisi akajibu, mate yakimdondoka. Hakwenda kuwinda. Awinde nini, na kitoweo kinakuja chenyewe?

Kesho yake: "Bwanaaa, miguu imelegea! Nitakuja kesho!" Pimbi alisema hayo shavu limejaa mtama.

Ikawa hivyo kila siku. Pimbi aliita, Fisi akajibu, na kila siku sauti ya Fisi ilizidi kufifia. Nyumba nzima ile haikuwa na akiba hata ya mfupa mmoja.

"Njoo... mwanangu... njoo..."

Siku moja Pimbi akaita, "Bwana Fisi, leo nakuja kweli!"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Mlango wa Fisi ulikuwa wazi, na moshi haukuonekana. Pimbi akarudi ndani ya ufa wake, akajipikia chakula.

Yangu nimeyasema, wanangu: weka akiba ungali na kazi, ili ukifukuzwa usirudi kumpigia magoti aliyekufukuza.