Waya wa Breki ya Sultani Hamdun

Hapo zamani, magari yalipokuwa machache kuliko masultani, palikuwa na mji ukiitwa Kipandoni, nao umejengwa wote ubavuni mwa kilima, hata mtu akidondosha ndimu mlangoni pake huenda kuiokota kwa jirani wa tatu. Mfalme wa mji huo, Sultani Hamdun, alirithi kwa baba yake gari moja kuukuu, jeusi, naye akalipenda kuliko wake zake wawili, na wenyewe walijua.

Basi siku moja waya wa breki ya mkono ukakatika. Waya huo ndio utokao kwenye mkono wa breki mpaka magurudumu ya nyuma. Ukivutwa, magurudumu hushikwa, gari likatulia mlimani. Waziri Nasoro akasema, "Mawlana, niachie mimi." Akasafiri, akaingia duka la spea, akachagua waya mrefu kuliko wote na unaong'aa kuliko wote, maana aliona si heshima cha Sultani kuzidiwa na cha mtu. Ule wa zamani, ambao ndio ungechukuliwa dukani ukalinganishwe, alikwisha kuutupa kisimani, asije mtu akasema kwa Sultani vitu hukatika.

Fundi Machano akaamriwa aufunge, akaufunga. Ijumaa Sultani akashuka mbele ya msikiti, akavuta breki, mkono ukapanda juu bila uzito wowote, naye akaingia kusali. Hata rakaa ya pili haijaisha, gari likaondoka peke yake. Likateremka, likampita muuza halua kwa shubiri moja, likaenda kuangusha ukuta wa bafu la mama mkwe wa Sultani, na bibi mwenyewe yumo ndani, povu limemfika masikioni.

Lahaula! Maneno aliyoyatoa bibi yule hayasimuliki mbele ya watu. Sultani Hamdun hakuogopa jeshi la mtu, lakini mkwewe alimwogopa. Akarudi barazani amefura, akauliza, "Nani aliyenifedhehi hivi?"

Waziri akajibu upesi, "Ni fundi, Mawlana. Waya ni mzuri, mkono wa fundi ndio mbovu."

Machano akatiwa kamba. Akainama, akasema, "Mawlana, nipe ruhusa nilipime gari, nami nitatafuta waya unaolifaa."

Kusikia neno kupima, Sultani akaruka kitini. Alikuwa na hofu hiyo tangu utoto: aliona apimwaye ni maiti, akakatiwa sanda na kuchimbiwa kaburi. Washonaji wake walimkadiria kwa macho tu, ndiyo maana kanzu zake nyingine zilifagia sakafu na nyingine zikaishia magotini. "Gari la baba yangu lisipimwe!" akanguruma. "Si kwa kamba, si kwa fimbo, si kwa dhiraa wala shubiri. Na kabla ya sala ya Ijumaa ijayo nataka waya unaolienea sawasawa. Ukikosekana, Machano atatoka nchini mwangu asirudi tena."

Watu wakatazamana. Ndipo nyuma ya umati akajitokeza Vuai. Huyu alikuwa fukara wa kutupwa, na kila alichokila alikila kwa dada yake Mize, mke wa Machano. Mjini walimwita punguani, naye akiitika vizuri tu. Alipowaza Machano kufukuzwa, aliona dada yake atakavyolia, akaona na chungu kitakavyokuwa kitupu, na yote mawili yakamuuma. Lipi lilimuuma zaidi, sijui, msiniulize.

"Mawlana," akasema, "waya nitautafuta mimi, na gari sitalipima."

Waziri akacheka. "Mwacheni, atajionea."

Jumatatu watu wakamwona Vuai amelala chali chini ya gari. Jumanne akalala tena pale pale, visigino vimekaa sawa na magurudumu ya nyuma, macho yanatazama juu. Askari wakasema, "Shemejiye anafukuzwa, yeye anatafuta kivuli!" Mize alipoyasikia akaja mbio, akamvuta mguu. "Wewe huna haya? Mume wangu anaondoka, wewe umelala?"

"Usinisogeze, dada," akasema Vuai, "utaniharibia usingizi."

Mize akarudi kwake analia. Jumatano Vuai akaenda nyuma ya karakana ya Machano, palipotupwa mapande ya magari makuukuu. Akatoa waya mmoja akaulaza chini, naye akajilaza ubavuni mwake. Ukampita. Akatoa mwingine, ukamwishia kiunoni. Ikawa kutwa nzima ni kulala na kuamka, mpaka akapata mmoja uliochakaa nje lakini nyuzi zake nzima, ukaanzia kisiginoni ukaishia kwenye ndewe ya sikio, na ncha zake zina vifundo mfano wa punje ya mbaazi, kama alivyoviona kwa macho kule chini ya gari. Machano akafunguliwa kwa saa moja, akaufunga, akarudishiwa kamba zake.

Ijumaa asubuhi gari likasimamishwa mtelemkoni, pua juu, breki ikavutwa, mkono wake ukakaza. Waziri akapiga kelele, "Mawlana, huu umeenea mno! Mtu huyu amelipima gari!"

"Sikulipima, Mawlana," akasema Vuai. "Nimejipima mwenyewe. Kisigino kilikuwa gurudumuni, sikio likaishia chini ya mkono wa breki; basi toka kisigino hadi sikio ndio urefu wa waya, na mwili huu ni wangu. Kama kupimwa ni mkosi, basi nimeshauchukua mimi." Akaenda nyuma ya gari, akajilaza chali chini ya mtelemko. "Haya, liachieni."

Askari waliolishika wakaondoa mikono. Gari likaguna kidogo, likatulia. Mize, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua.

"Bahati tu," akasema Waziri. "Hata waya wangu ungeshika, kama ungefungwa na fundi wa maana."

Vuai hakuinuka. "Mawlana, ni haki yake. Ufungwe waya wa Waziri, naye aje alale hapa nilipolala. Pana upepo mzuri."

"Ni maneno ya insafu na haki," akasema Sultani. "Waziri, vua kilemba ulale."

Waziri akakishika kilemba kwa mikono miwili. "Mawlana, waya ule... waya ule ni mrefu."

"Umejuaje kuwa ni mrefu, na gari halikupimwa?"

Waziri akatazama chini. "Fundi aliniambia, Mawlana. Siku ile ile, kabla hajaufunga. Nikamwambia afunge tu, anyamaze."

Kisha Sultani Hamdun akaanza kucheka, akacheka hata akajikwaa katika kanzu yake. Alipopata pumzi akashuka, akazifungua kamba za Machano kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo mfalme hakupata kulifanya katika mji ule. "Nilimsikiliza mwenye kilemba, nikamfunga mwenye kujua," akasema. "Nisamehe, fundi." Akamgeukia Waziri. "Nawe ubebe sanduku la spana zake kichwani, umfikishe kwake. Ukitoka hapo, nenda kwa mama mkwe wangu ukamweleze mwenyewe."

"Mawlana," Waziri akalia, "nihamishe nchi!"

"La," akasema Sultani, "hiyo ingekuwa huruma."

Ikawa hivyo. Machano akarudi kwake, Mize akapika wali wa nazi huku anacheka na kulia pamoja, na Vuai akaulizwa na Sultani anataka tuzo gani. Akaomba kanzu moja, iliyopimwa. Nami mpaka hapa ndivyo nilivyosikia, sikuongeza. Aliyecheka amecheka, na aliyenuna huenda ni ndugu yake Waziri.